Usikikate Kipande cha Chini

Kama uko jikoni, endelea na mapishi yako, usije ukaunguza mboga kwa ajili yangu. Kama uko kwenye usukani, macho barabarani, sikio nipe mimi. Leo tunatazama picha. Najua wapo watakaocheka: picha kwenye redio? Ndiyo, kwenye redio. Picha hii ina hadithi ndani yake, nami nitakuchorea kwa maneno.

Vuta fikra basi. Mwanamke kijana amesimama dirishani, juu kwenye mnara, kando ya bahari. Amelishika pazia kwa mikono yake akalifungua, anachungulia nje. Nguo zake zina mikunjo mingi, mikunjo juu ya mikunjo. Uso umeingia wasiwasi. Halii. Hajalia bado, na nakuomba ulishike hilo neno “bado”, maana tutalirudia. Bahari anayoitazama mwenzetu huyu sisi hatuioni. Tunamwona yeye tu, na tunajua kuna mtu anamsubiri.

Jina lake ni Hero. Anayesubiriwa ni Leander. Hawa ni wapenzi wa hadithi za kale za Wayunani, na habari yao imesimuliwa na kuchorwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Picha ninayoizungumzia ilichorwa na Mwingereza Frederic Leighton, ikaonyeshwa mjini London mwaka 1887, enzi za Malkia Victoria. Aliipa jina ambalo kwa lugha yetu tungesema “Kesha la Mwisho la Hero”. Mwaka huohuo ikanunuliwa kwa ajili ya jumba la sanaa la jiji la Manchester, na mpaka leo iko huko. Na kama kazi nyingi za wachoraji wakubwa wa wakati ule, haikubaki ukutani peke yake. Ilitolewa nakala za kuchapwa kwa wino, zikaingia kwenye vitabu na kwenye fremu za watu. Nakala hizo ndizo zilizonifanya niilete mezani leo. Lakini kwanza hadithi, kwa sababu bila hadithi picha hii ni ya dada mzuri aliyefungua dirisha apate hewa.

Basi hadithi, hadithi. Kuna mlangobahari mwembamba huko Uturuki unaotenganisha Asia na Ulaya. Leo unaitwa Dardanelles. Wayunani waliuita Hellespont. Upande wa Ulaya palikuwa na mji wa Sestos, ng’ambo yake, upande wa Asia, mji wa Abydos. Hero aliishi Sestos. Alikuwa kuhani wa Aphrodite, mungu wa mapenzi, na hapo uone mzaha wa wazee wa kale: binti anamtumikia mungu wa mapenzi, huku yeye mwenyewe amewekwa mnarani ufukweni na mtumishi mmoja tu, mbali na vijana. Leander alikuwa kijana wa Abydos. Wakaonana kwenye sikukuu, ikawa imekuwa. Wazazi wa binti wasingekubali aolewe na mgeni kutoka ng’ambo. Wakaamua mambo yawe ya siri.

Siri yenyewe ilikuwaje? Usiku ukiingia, Hero anawasha taa juu ya mnara. Leander akiiona, anavua nguo, anaingia majini, anaogelea kuifuata. Alfajiri anarudi kwao vilevile, kwa kuogelea. Leo, kesho, keshokutwa. Kiangazi chote wakaendelea hivyo, na mjini hakuna aliyejua.

Kisha majira yakageuka. Baridi ikaja, na pepo zake. Mtu yeyote aliyekulia pwani atakwambia: hapo ndipo pa kusema jamani, tungoje mpaka bahari itulie. Hawakungoja. Usiku mmoja wa dhoruba Hero akawasha taa, Leander akaiona, akaingia. Katikati ya safari upepo ukaizima taa. Kijana akabaki gizani, mawimbi yanampiga, hajui nchi kavu iko wapi. Kulipopambazuka mwili wake ulikuwa chini ya mnara, kwenye mawe. Hero akauona. Akajirusha kutoka juu akamfuata.

Aliyetusimulia kwa urefu zaidi ni mshairi wa Kiyunani aitwaye Musaeus, aliyeishi yapata karne ya tano au ya sita baada ya Kristo. Kabla yake Ovid wa Roma alikwisha kuwatungia wapenzi hawa barua, kijana anamwandikia binti, binti anamjibu. Ninachompendea Musaeus ni kwamba shairi lake halianzi na kijana wala binti. Linaanza na taa. Na ukifikiri, ndivyo inavyostahili: taa ndiyo iliyowakutanisha, na ndiyo iliyowaponza.

Ngoja niseme jambo moja kuhusu yale maji, maana kuna mtu huko anasema, mlangobahari tu, una nini? Pale pembamba kabisa hapafiki hata kilomita mbili. Mvuvi wa Nungwi au wa Lamu atasema mbona kidogo. Lakini maji yale hayatulii. Bahari Nyeusi inapokea maji ya mito mikubwa ya Ulaya, na maji yanayozidi yanateremka kupitia Bahari ya Marmara, yanabanwa kwenye ule mlango, yanakimbilia Bahari ya Aegean. Chini kabisa kuna mkondo mwingine wa maji ya chumvi zaidi unaokwenda kinyume, ila mwogeleaji yuko juu, na wa juu unamsukuma kando muda wote. Ni kama ngalawa inayokatisha mkondo: ukielekeza omo moja kwa moja kwenye kituo chako utatua kijiji cha jirani. Lazima ulenge juu ya pale unapotaka kufika. Na utalengaje gizani, kama taa imezimika? Sasa umeona kwa nini ile taa ilikuwa uhai wa mtu.

Turudi kwenye picha. Nimekwambia kuhusu mwanamke dirishani. Sijakwambia kuwa picha haijaishia hapo.

Chini yake, ndani ya fremu ileile, kuna kipande kingine, chembamba, kimelala. Zamani mafundi wa Italia walipochora picha kubwa za madhabahuni, waliweka vipicha vidogo namna hiyo kwa chini, vinavyoendeleza habari ya picha kubwa. Leighton alisoma sanaa Ulaya bara na aliijua Italia vizuri. Akaichukua desturi hiyo ya kanisani akaiweka kwenye hadithi ya mapenzi. Na kwenye kile kipande amemchora nani? Leander. Amelala kwenye mawe, amekufa.

Umeipata hiyo, msikilizaji? Juu mwanamke anasubiri. Chini anayesubiriwa amekwisha kufika, maiti. Sisi tunaotazama tunaviona vyote viwili kwa jicho moja. Yeye haoni. Hajainamisha macho. Ndiyo maana nilikuambia ulishike lile neno: hajalia bado.

Kwa maoni yangu hapo ndipo Leighton alipowapita wengi. Wachoraji wengine walipopewa hadithi hii walikimbilia dhoruba. Turner, kwa mfano, yule bingwa wa bahari, aliwachora wapenzi hawa wakiagana, picha yake ikaonyeshwa 1837, mwaka Victoria alipoanza kutawala. Kuna mawingu, kuna maji, kuna majengo, na wapenzi wenyewe ni wadogo wadogo kama mchwa. Wengine wamependa Hero anapojirusha. Leighton hakutaka kujirusha, hakutaka mawimbi. Alichagua ile dakika ambayo jambo limekwisha kutokea na habari haijafika. Nani kati yetu hajapita hapo? Simu inaita haipokelewi. Basi lililotakiwa kufika saa kumi na mbili, saa nne ya usiku halijaonekana stendi.

Nikiwa hapo, niruhusu nichepuke kidogo. Leighton alipoionyesha picha hii, iliambatana na mistari ya Musaeus kwa tafsiri ya Mwingereza Edwin Arnold. Huyu Arnold alikuwa mshairi, na pia mhariri wa gazeti la Daily Telegraph. Gazeti hilo, likishirikiana na New York Herald la Marekani, ndilo lililogharimia safari ya Henry Morton Stanley, ile iliyoanzia Unguja na Bagamoyo mwishoni mwa 1874, ikatokea Boma, mlangoni mwa mto Kongo, Agosti 1877. Mkono wa Arnold ulikuwemo katika kuiandaa. Sasa fikiri: watu mia kadhaa, wengi wao Waungwana wa Unguja, waliondoka na mizigo vichwani. Waliorudi hawakufika nusu. Miaka mitatu wake zao, mama zao na dada zao walikaa Unguja bila kujua nani yuko hai na nani kazikwa njiani au kachukuliwa na mto. Hawa nao walikuwa na makesha yao. Hakuna aliyewachora.

Na si Arnold peke yake anayemuunganisha Leighton na huku kwetu. Nyumbani kwa Leighton, mtaa wa Holland Park huko London, kuna ukumbi wa Kiarabu, umepambwa kwa vigae vya Damascus na vya nchi nyingine za Mashariki. Nyumba hiyo leo ni makumbusho. Mmoja wa waliomsaidia kuvipata vigae hivyo ni rafiki yake Richard Burton, aliyekuwa balozi mdogo Damascus. Ndiye huyohuyo Burton aliyefika Ujiji mwaka 1858, akiongozwa na watu wa pwani. Leighton alimchora pia, na kovu lake la mkuki shavuni. Haya, nimerudi.

Tuingie kwenye nakala. Leo picha unaipiga kwa simu, unaituma, kazi imekwisha. Enzi za Victoria mtu wa kawaida wa Leeds au wa Bristol angeionaje picha iliyo London? Angeiona kwa njia ya nakala iliyochapwa. Mchonga bamba alikaa na picha, au na mchoro wake, akaihamishia mstari kwa mstari kwenye bamba la shaba au la chuma. Bamba moja kubwa liliweza kumla miaka. Wino ukapakwa ukaingia kwenye michirizi, uso wa bamba ukafutwa, karatasi iliyoloweshwa kidogo ikawekwa juu, vyote vikapitishwa kwenye mashine yenye mgandamizo mkali. Ikatoka nakala moja. Rudia tena. Na tena.

Hii ilikuwa biashara kubwa, usione mchezo. Mara nyingi haki ya kutoa nakala ilikuwa na thamani kama picha yenyewe, au kuishinda. Mwaka 1860 dalali wa picha Ernest Gambart alimlipa mchoraji Holman Hunt gini 5,500 kwa picha moja pamoja na haki yake ya nakala. Fedha za kununulia nyumba! Alijua atazirudisha kwa tiketi za watu kuja kuitazama, na kwa nakala. Kilikuwepo pia chama mjini London, kimeanzishwa 1837, unatoa gini moja kwa mwaka, unapata nakala ya picha ya kutundika nyumbani na unaingizwa kwenye bahati nasibu ya kazi za sanaa. Waingereza wa kaskazini mpaka kusini wakajiunga, na hadithi za Wayunani zikaingia sebuleni kwa watu ambao Kiyunani hawakukijua hata herufi.

Kufikia miaka ya picha yetu, njia mpya ilikwisha kuingia. Bwana mmoja aitwaye Karel Klíč, akiwa Vienna, mwaka 1879 alifaulu kuhamisha picha ya kamera kwenye bamba la shaba, mwanga na dawa ya kulia shaba vikafanya sehemu kubwa ya kazi ya mkono. Nakala zake zina weusi laini, mzito kama mahameli. Wachonga bamba wa zamani hawakufurahi, na wewe ungekuwa wao usingefurahi.

Ukibahatika kushika nakala ya zamani ya namna hii, nikuelekeze uitazameje. Usianze na picha, anza na pambizo. Pitisha kidole taratibu kandokando: utahisi kingo imebonyea. Hiyo ni alama ya bamba, pale liliposhindiliwa kwenye karatasi. Isipokuwepo, jiulize maswali, ingawa wakati mwingine kuna mtu alikata pambizo ili ienee kwenye fremu. Kisha tazama chini ya picha, kushoto: mara nyingi jina la mchoraji lipo hapo. Kulia: jina la mchonga bamba, kwa herufi ndogo, yeye aliyefanya kazi miaka. Katikati au juu: mchapishaji na tarehe. Kama hakuna maandishi yoyote, usikate tamaa, huenda ndiyo ya bei zaidi, kwa sababu nakala za mwanzo zilitolewa kabla ya maandishi kuchongwa, na baadhi zilitiwa saini ya mchoraji kwa penseli. Matajiri waligombania hizo. Sisi wengine tungengoja zenye maandishi.

Sasa sikiliza jambo linalotokea picha ya Hero inapogeuka kuwa nakala. Kwenye picha ya rangi, sehemu ya juu ina rangi za joto, za mwili ulio hai na nguo. Kile kipande cha chini Leighton alikichora kwa rangi moja iliyofifia, kijivukijivu, kama kitu kisichokuwa tena cha dunia hii. Juu uhai, chini mauti, na rangi inakwambia hivyo kabla hujauliza. Lakini nakala ina wino mmoja tu. Ukiichapa, tofauti hiyo inapotea. Hero anapoteza rangi yake, anakuwa kijivu vilevile kama Leander.

Wataalamu watasema hiyo ni hasara, nakala imeiharibu picha. Mimi nasema hapana, au tuseme si hasara tupu. Kwa wino mmoja wale wawili wanakuwa tayari mahali pamoja. Yeye bado anachungulia dirishani, na wino umekwisha kumhesabu miongoni mwa wafu. Leighton mwenyewe pengine hakulitaka hilo. Limetokea tu kwa sababu mashine haikujua rangi.

Kinachoniudhi ni kitu kingine. Zipo nakala, za zamani na za siku hizi, kwenye kalenda, kwenye kadi, ambazo zimechukua sehemu ya juu peke yake. Kipande cha chini kimekatwa. Naelewa kwa nini. Ni nani anayetaka maiti kwenye kadi ya siku ya kuzaliwa? Mwanamke mzuri, pazia, nguo za mikunjo, inauzika. Lakini ukikikata umeua picha. Unabaki na bibie anayengoja mgeni wa chai. Wasiwasi usoni mwake haueleweki tena. Utadhani anaogopa mvua itamnyeshea nguo alizoanika. Uchungu wote wa picha ile umo katika kile kipande chembamba, na mwenye duka akikiona anadhani ni pambo la ziada. Basi ukikutana na Hero mahali, sokoni, kwenye kitabu, ukutani kwa mtu, tazama chini yake. Hakuna kitu? Muulize mwenye nayo: kijana yuko wapi?

Nimalizie na mtu aliyetaka kujua kama hadithi hii inawezekana. Tarehe 3 Mei 1810 mshairi wa Kiingereza Lord Byron, kijana wa miaka ishirini na miwili, mguu mmoja una kilema tangu kuzaliwa, aliingia kwenye maji yale pamoja na luteni mmoja wa jeshi la majini aitwaye Ekenhead. Walianzia upande wa Ulaya, upande wa Hero, wakalenga Asia. Byron alitumia saa moja na dakika kumi. Luteni akamtangulia kidogo. Mkondo uliwasukuma mbali, wakaogelea masafa marefu kuliko upana wenyewe wa pale. Baadaye Byron akaandika shairi la mzaha kwamba Leander alikwenda kwa ajili ya mapenzi, yeye kwa ajili ya sifa; mwenzake akafa maji, yeye akaambulia homa.

Lakini Byron alivuka mchana, mara moja, kwa njia moja. Leander, tukiiamini hadithi, alivuka usiku, akarudi kabla ya jua, kiangazi kizima. Na Byron hakuwa na mtu mnarani. Siku hizi kila tarehe 30 Agosti mamia ya waogeleaji wanakusanyika hapohapo, meli zinasimamishwa, boti za uokoaji zinawafuata, wanaanzia Eceabat wanatokea Çanakkale. Wanafundishwa kitu kilekile nilichokwambia kuhusu ngalawa: lenga juu ya pale unapotaka kufika.

Haya, fundi mitambo ananionyesha saa. Kuna aliyeuliza juzi kuhusu Orpheus, yule mpiga kinubi aliyekwenda kuzimu kumfuata mkewe akakatazwa kugeuka nyuma. Huyo naye Leighton alimchora, na mkewe katika picha ile ana ugomvi naye mkubwa. Tutampokea wiki ijayo, saa hizihizi. Kwa sasa nakutakia jioni njema, na mama uliye jikoni, hebu ifunue ile sufuria.